Kulifumua Gari la Mwalimu Igarashi

Mimi ni fundi mzuri. Nalisema mapema ili msomaji asipate tabu ya kunisubiri nijifanye mnyenyekevu. Baba alikuwa fundi mzuri, mimi nikamzidi, na mwenyewe alilikubali hilo akiwa hai, ingawa alilisema akiwa amenigeuzia mgongo. Gereji yetu iko Inawashiro, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ziwani. Mtu yeyote wa huku mwenye gari lililoundwa kabla hajazaliwa hulileta kwangu, kwa sababu mafundi wengine watamwambia alitupe.

Kwa hiyo Mwalimu Igarashi alipoingia uani wiki ya kwanza ya Machi na Sazanami yake ya mwaka 1968, theluji bado imelundikana hadi usawa wa madirisha, sikuinua hata shingo. Nililijua kwa mlio. Ni gari dogo la milango miwili, rangi ya maziwa, taa za mviringo, na kampuni iliyoliunda ilikufa kabla sijaota ndevu. Kila baada ya miaka miwili, majira hayo hayo, Mwalimu huniletea nilitayarishe kwa ukaguzi wa serikali.

"Kosaku," aliita kabla hajashuka. "Funga vifungo vya koti, utaugua."

Alinifundisha darasa la nne, na machoni pake mimi bado nina miaka tisa. Nikafunga vifungo. Nina miaka hamsini na minane.

Mke wangu Chizuru alileta chai na vipande vya figili iliyochachushwa, tukakaa karibu na jiko la mafuta ofisini. Mwalimu alikunywa nusu kikombe kwanza, akakiweka chini.

"Hii ndiyo mara ya mwisho kukuletea," alisema. "Mwezi wa sita natimiza themanini na moja, na nimemwahidi Makiko kwamba siku hiyo naenda polisi kurudisha leseni."

Makiko ni bintiye, anakaa Sendai.

"Anakusumbua?" Chizuru akauliza.

"Anapiga simu kila Jumapili. Zamani alikuwa akiniuliza nimekula nini. Siku hizi ananiuliza nimegonga nini."

"Na umegonga nini?"

"Ndoo ya jirani. Tena ilikuwa tupu."

Tukacheka, naye akacheka kidogo, kisha akasema lililomleta. Barabara ya mlima Bandai hufungwa theluji inapoanza, na hufunguliwa mwishoni mwa Aprili. Tangu waliponunua gari lile, yeye na mumewe walikuwa wakipanda mlimani kila mwaka siku barabara inapofunguliwa, na matonge ya wali kwenye kikapu. Mumewe alikuwa fundi wa saa, macho yake hayakuona mbali, hakuwahi kupata leseni. Enzi hizo watu walimcheka mwanamume anayeendeshwa na mkewe. Yeye aliwajibu kwamba katika Inawashiro nzima ni yeye tu na meya wenye dereva.

"Alipofariki mwaka juzi mwishoni, sikuweza kwenda peke yangu," Mwalimu alisema. "Aprili iliyopita ilinipita hivi hivi, nimekaa nyumbani natazama ukuta. Mwaka huu naweza. Nguvu ninazo, leseni ninayo mpaka Juni. Nataka nilipandishe mwenyewe, mara moja, kisha basi."

"Na gari?" nikauliza. Nilijitahidi sauti isinisaliti.

"Nikishuka ni lako, ukilitaka. Makiko atalifanya chungu cha maua."

Nilitaka. Nimelitaka gari lile tangu nikiwa mtoto nalitazama kupitia dirisha la darasa badala ya kutazama ubao. Na si kulitaka hivi hivi: nilitaka kulifumua lote, hadi skrubu ya mwisho, nilipige mchanga wa kukwangua kutu, nilijenge upya liwe kama siku lilipotoka kiwandani. Kichwani nilishalifumua mara mia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, gari litapita ukaguzi kama kawaida, Aprili atapanda mlima. Sikupepesa macho.

Sasa niseme jambo moja kuhusu kazi yetu ya Machi. Ndio mwezi wa ukaguzi, magari yanapanga foleni hadi barabarani. Kila gereji ya huku kwenye theluji hufanya vivyo hivyo: asubuhi unaliosha gari chini kwa mvuke, mchana unalipulizia rangi nyeusi tumbo zima, jioni linang'aa, kesho yake unalipeleka Fukushima kwa mkaguzi. Hakuna sheria inayodai rangi hiyo. Ni adabu tu. Humpelekei mkaguzi gari lenye tumbo chafu, kama ambavyo huendi nyumbani kwa watu na soksi iliyotoboka. Baba alipaka, mimi nikapaka, na nilikuwa nikijivuna kwamba chini ya gari lililotoka kwangu unaweza kuandaa chakula ukala.

Sazanami niliiosha Jumanne. Baada ya chakula cha mchana nikalitia jeki upande wa kushoto, chini ya boriti, ule mhimili wa chuma wenye uwazi ndani unaopita chini ya milango, ili nilipandishe kwenye stendi nianze kupuliza. Jeki ilipanda, gari halikupanda. Nikasikia sauti kama ya mtu aliyekanyaga tope lililoganda juu juu. Nikainama kutazama. Kichwa cha jeki kilikuwa kimezama ndani ya boriti.

Nilichukua patasi nikakwangua. Kikatoka kipande kikubwa kama sahani, kinene, kigumu, na ubavuni mwake ungeweza kusoma kila kitu. Tabaka jeusi la baba, kisha langu, langu, langu, na katikati ya kila tabaka na jingine mstari wa kahawia wa kutu. Huku barabara humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu majira yote ya baridi. Baada ya kuosha, gari linahitaji siku mbili likauke ndani ya boriti zake ndipo lipakwe rangi. Hilo hata mwanafunzi wa ufundi analijua. Lakini Machi hakuna siku mbili. Nilikuwa naosha asubuhi, napaka mchana, nafungia maji ya chumvi ndani ya chuma kwa mkono wangu, halafu nasimama pembeni nikisifu weusi wake. Siwezi kusema nilisahau. Niliharakisha, na hilo ni baya zaidi. Nilikaa sakafuni nimeshika kile kipande, nimeona aibu hata masikio yakaniwaka.

Nilimpigia simu Ubukata, fundi wa bodi wa upande wa pili wa mji, rafiki yangu tangu ujana na mtu asiyejua kunong'ona. Akaja, akalala chini ya gari, akagongagonga, akatoka na vumbi la kutu kwenye nyusi.

"Fumua," alisema.

"Lote?"

"Unaniuliza kama hujui? Injini nje, viti nje, vioo nje, nyaya zote nje. Bodi uining'inize peke yake, uipige mchanga hadi uone chuma cheupe. Ukichomelea juu ya kutu leo, kesho moto umekwenda kuamsha kutu nyingine. Miaka miwili, na hapo tumejitahidi."

"Ndivyo ninavyoona na mimi."

Na ndivyo nilivyoona kweli. Hakuna anayeijua kazi hii angesema vingine. Lakini nitakiri: chini ya ile aibu kulikuwa na furaha. Hatimaye nilikuwa nimepata sababu ya kulifumua gari lile, tena sababu isiyoweza kupingwa na mtu.

Chizuru alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe.

"Atapanda mlima mwaka gani?" aliuliza.

"Nani?"

"Mwalimu wako, nani mwingine."

"Tutampandisha na gari letu. Lina joto, lina viti vizuri."

"Aha. Atapandishwa." Alikusanya vikombe taratibu, kimoja kimoja. "Kwa hiyo hilo unamfumulia nani, Baba Tamae?"

"Boriti ikikunjika kwenye kona atakufa. Unataka afe?"

"Mimi nimeuliza nani tu," akasema, akaingia ndani.

Wanawake wa huku kwetu Aizu wana tabia hiyo. Wanakuuliza kitu kidogo halafu wanakuachia ukae nacho.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu. Nilivua viatu, nikaingiza miguu chini ya blanketi la meza yake fupi yenye kipasha joto ndani, nikaanza hotuba niliyoiandaa njiani. Chumvi ya barabarani, nikasema. Zaidi ya miaka hamsini ya chumvi, Mwalimu, hakuna chuma kinachostahimili. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Hiyo kutu umeiona lini?"

"Jana."

"Na mwaka juzi ulipolipeleka kwenye ukaguzi?"

"Haikuonekana."

"Kwa nini haikuonekana?"

Nilitazama chai. "Kulikuwa na rangi juu yake."

"Rangi aliipaka nani?"

Ninyi ambao hamkufundishwa na mwanamke huyu hamwezi kujua. Nilitoa miguu chini ya blanketi, nikapiga magoti, nikaweka paji la uso kwenye mkeka.

"Mimi," nilisema. "Niliipaka juu ya maji, bila kungoja yakauke. Mwaka juzi, na safari iliyotangulia, na nyingine nyuma yake. Nilikuwa na haraka. Kosa ni langu peke yangu, Mwalimu. Naomba uniwie radhi."

Nilisikia birika likichemka.

"Inuka," alisema. "Darasa la nne ulikuwa hufuti. Ukikosea hesabu unaandika jibu jingine juu ya lile la kwanza, unakandamiza penseli mpaka karatasi inatoboka. Nilidhani uliacha."

"Sikuacha."

"Naona."

Alinimiminia chai nyingine. Nikapata nguvu, nikamweleza mpango. Nitalifumua lote, kazi yote juu yangu, yeye hatagusa kitu. Miaka miwili, kisha litatoka zuri kuliko lilivyotoka kiwandani.

"Baada ya miaka miwili nitakuwa na leseni?"

"Hapana."

"Basi tumeelewana." Hakusema kwa hasira. Alikuwa ametulia, na utulivu wake ulinichoma kuliko angenifokea. "Sikiliza, Kosaku. Mimi najua kufundisha kugawanya, chuma sikijui. Fundi ni wewe. Ukiniambia gari haliwezi kupanda mlima bila kuniua, sitabishana. Nitarudisha leseni hata kesho, Juni ya nini. Ila uniambie baada ya kulitazama. Wewe umekuja na jibu kabla hujasoma swali."

Nilitaka kumbishia. Lakini nilikuwa nimekwangua mahali pamoja, padogo kama sahani, na kutokana na sahani hiyo nilikuwa nimehukumu gari zima. Nikaenda kuvaa viatu.

Nilikwangua siku tatu. Magari mengine yalingoja uani na wenyewe wakanung'unika. Chizuru akawapa chai na uongo. Nilitoa kila tone la weusi, la baba na langu, hadi vidole vikawa havihisi patasi. Kisha nikachukua nyundo nikalipiga gari zima, hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia, kibovu hunyamaza. Kila palipokaa kimya nikapazungushia chaki.

Boriti ya kushoto ilikuwa imekwisha yote. Ya kulia nusu. Pale springi ya nyuma ya kushoto inaposhikilia bodi, chuma kilikuwa chembamba kama bati la kopo. Lakini sakafu ililia. Mbele, inapokaa injini, kulilia kama kengele ya hekalu. Mihimili ya paa, mizima. Nilipomaliza nilihesabu miduara ya chaki. Ilikuwa kumi na mmoja.

Nilitarajia arobaini. Ukweli ni mbaya zaidi: nilitamani arobaini. Nilikaa juu ya ndoo nikaitazama ile miduara kumi na mmoja, nikajiona nilivyo. Kulifumua gari kungefuta kosa langu. Miaka miwili baadaye lingesimama pale linang'aa, watu wa klabu ya magari ya zamani wangelizunguka na kamera, na hakuna ambaye angejua kwamba niliwahi kulipaka juu ya maji. Mwalimu angekuwa pembeni amevaa koti lake, anapiga makofi. Nilikuwa najiandaa kuandika jibu jingine juu ya lile la kwanza, na safari hii kwa miaka miwili.

Kuanzia hapo sikusita tena. Nilimpigia Ubukata nikamwambia silifumui. Nakata kumi na moja, nachomelea kumi na moja, Aprili linapanda.

"Umerogwa," alisema. "Siku ukija kulifumua itabidi ukate hivyo hivyo upya. Kazi mara mbili."

"Nitaifanya mara mbili."

"Huko siyo kufufua gari, ni kulitia viraka."

"Viraka vya milimita mbili. Vinabeba lori."

"Na watu wa klabu wakilala chini wakaona?"

"Waambie wasilale chini ya magari ya watu."

Alikata simu. Kesho yake asubuhi alifika na mashine yake ya kuchomelea nyuma ya gari, uso umevimba kwa kununa. "Wewe uchomeleaji wako ni wa kufunga banda la kuku," alisema, akaanza kupanga nyaya.

Tulianza kwa kuchomelea vyuma vya kukingama kwenye nafasi za milango, ili bodi isipinde tutakapoikata boriti. Tukakata. Sehemu ya boriti ya kushoto ilimwagika sakafuni kama majani ya chai. Tulikunja vipande vipya, tukapima, tukakosea, tukapima tena. Ubukata alitukana kutu, akanitukana mimi, akamtukana na baba yangu aliye kaburini, nami nikamwacha kwa sababu mkono wake ulikuwa unakwenda vizuri. Siku tulipotoa vile vyuma vya milangoni, nilifungua mlango wa dereva nikaufunga. Ulijibu kwa mlio ule ule wa siku zote. Ubukata akageuka kando akawasha sigara, na sikumwangalia usoni.

Kisha nikaliacha likauke. Siku mbili kamili, feni mbele na nyuma, magari saba yakisubiri uani. Baada ya hapo nikapaka rangi ya kijivu ya kuzuia kutu, nyembamba, unaona kila mshono chini yake. Nyeusi sikugusa.

Mkaguzi wa Fukushima alikuwa mtu wa makamo, tunajuana kwa sura. Alisimama shimoni chini ya Sazanami na nyundo yake ya mpini mrefu, akaangaza tochi.

"Bwana Hoshina," aliniita kwa jina la ukoo, "leo hamkupaka?"

"Nilitaka uone."

Alinitazama kidogo, kisha akaanza kugonga mishono, mmoja mmoja. Hajawahi kugonga gari langu muda mrefu hivyo. Nilijua kazi ni nzuri, ningeweza kuapa, na bado jasho lilinitiririka mgongoni. Alipopanda juu alifuta mikono, akagonga muhuri, akasema uchomeleaji ni safi. Nikamwambia amsifu Ubukata, si mimi. Lilikuwa jambo gumu kusema.

Barabara ya mlima ilifunguliwa Ijumaa ya mwisho ya Aprili, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimepanga kumfuata Mwalimu na gari langu la kuvuta magari yaliyoharibika, endapo lolote litatokea. Alinikuta nalipasha moto.

"Zima hilo," alisema. "Siwezi kupanda mlima nikifuatwa na machela. Kama unaiamini kazi yako, ingia."

Chizuru, aliyekuwa akifagia, aliendelea kufagia, lakini nilimwona anavyotabasamu. Nikaingia, nikakaa kushoto na kikapu cha matonge mapajani.

Aliendesha vizuri. Natamani Makiko angemwona. Mgongo wima, mikono miwili, gia inaingia bila kukwaruza, na kabla ya kila kona analipunguza mwendo mapema kana kwamba anaiomba kona ruhusa. Hakwenda kasi. Nyuma yetu foleni ilifika magari kumi na mawili na pikipiki kadhaa, naye alipofika mahali pa kupishia akajitenga akawapisha wote, akiwapungia mkono kama mwalimu wa zamu getini. Mimi kona tano za kwanza sikuzifuata kwa macho wala kwa masikio, nilizisikiliza kwa makalio, nikingoja boriti iseme kitu. Haikusema. Kona ya sita nikaacha kusikiliza. Kazi ilikuwa nzuri, na nilikuwa najua hivyo tangu mwanzo.

Kuta za theluji zilikuwa zimetupita kimo pande zote. Juu kabisa tuliegesha, tukala matonge yenye plamu ya chumvi ndani tukiwa tumeegemea boneti, injini inapoa na kutoa vimlio vidogo. Mwalimu alikula matonge mawili. Alisema hewa ni nzuri, akasema nimepata kitambi, akasema alidhani angehuzunika kuliko hivi.

Kisha alikunja kitambaa cha chakula, akazunguka gari, akafungua mlango wa kushoto, akakaa.

"Endesha wewe," alisema.

"Mwalimu, leseni yako bado hai mpaka Juni."

"Tarehe naijua, Kosaku. Nilitaka kupanda, nimepanda. Endesha."

Nilikaa kwenye kiti chake, nikakirudisha nyuma kwa ajili ya miguu yangu, nikaanza kushuka. Hakufunga macho wala hakushika mlango kama wafanyavyo madereva wakiendeshwa. Tulipita kona mbili kati ya kuta za theluji. Kwenye ya tatu ukuta uliisha ghafla upande wa bondeni, na ziwa likafunguka lote chini yetu, kutoka ukingo hadi ukingo, la buluu, na milima myeupe nyuma yake.

"Simama," alisema.

Nikasogea pembeni nikasimama. Alishusha kioo. Alitazama kwa muda mrefu hata nikazima injini.

"Hapa hapa," alisema. "Kila mwaka mume wangu ananiita. 'Fumiyo, tazama ziwa.' Namwambia siwezi, naendesha. Mwaka unaofuata, 'Fumiyo, tazama ziwa.' Namjibu, wewe tazama, uniambie. Naye ananiambia. Anasema leo ni buluu hivi, leo kuna mashua, leo kuna kivuli cha mlima. Miaka yote hiyo. Nikadhani anaongeza ongeza ili nione wivu. Kumbe alikuwa anasema kweli."

Machozi yalikuwa yakimshuka huku anacheka, na hakuyafuta. Mimi nililia pia, sioni sababu ya kuficha. Pikipiki moja ilipita ikatupigia honi, hakuna aliyegeuka.

Baadaye alipandisha kioo, akachukua leso mfukoni akajipangusa uso mzima kama mtu aliyemaliza kunawa.

"Haya," alisema. "Kesho anza kulifumua. Lote, kama ulivyotaka. Na usiharakishe, mimi sina tena pa kuwahi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nikawasha injini, nikatia gia ya kwanza, tukaendelea kushuka.